Meli nyingi, hazina tupu: kushinda kwa vita katika Master of Orion II

*"Assalaam aleikum mwalimu. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni. Jioni nikitoka kazini nacheza Master of Orion II, gemu ya kujenga himaya na kupigana angani kwa zamu, kwenye laptopu kuukuu aliyoniachia amu yangu. Nataka kushinda kwa vita tu, habari za kura sizitaki. Nachagua taifa la Bulrathi kwa sababu askari wao wana nguvu. Lakini kila mara mambo yanaishia pale pale: naunda jeshi kubwa, nateka sayari 3 au 4 za jirani yangu Klackon, halafu kila kitu kinavurugika. Hela zinakwisha, watu niliowateka wanaasi, kikosi kinakwama, na mataifa mengine mawili yananigeukia. Mara ya mwisho nilikuwa na manowari kubwa 6, destroya 5 na meli 8 za kubebea askari, na pointi za amri zilikuwa 20. Nilipowageukia Sakkra, taifa lingine jirani, leza zangu ziliipiga sayari yao zamu baada ya zamu wala haikutikisika. Je, Bulrathi hawafai? Niongeze meli? Au gemu yenyewe imetengenezwa ili mpenda vita ashindwe? Na hii laptopu inapata moto mpaka inazimika, je, ni gemu inayoiua?"*

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Nimefurahi umeandika na hesabu zako, kwa sababu jibu limo humo humo. Nitaanza na yale maswali yako matatu mafupi. Bulrathi wanafaa sana. Usiongeze meli. Na gemu haimchukii mpenda vita: tangu ilipotoka mwaka 1996 kuwaangamiza wapinzani wote ni mojawapo ya njia zake tatu za ushindi, pamoja na kuchaguliwa na Baraza la Galaksi na kuwavamia Waantares, wale wavamizi wenye nguvu wa gemu hii, kwao. Unachokosa ni kujua gemu inakutoza nini kwa vita. Wewe unahesabu meli zilizoko mbele, nayo inakutoza kwa kila kitu kinachozishikilia meli hizo kutoka nyuma.

Tuanze na hela, kwa sababu ndiko ulikofia.

Pointi za amri ni kipimo cha meli ambazo himaya yako inaweza kuzisimamia bila kutozwa, na kila meli ya vita inazila kulingana na ukubwa wake. Frigeti inakula 1, destroya 2, kruza 3, manowari kubwa 4, titani 5, na lile dude kubwa kabisa, Doom Star, linakula 6. Meli ya kubebea askari nayo inakula 1, ingawa haina hata bunduki. Sasa piga hesabu ya kikosi chako. Manowari 6 mara 4 ni 24. Destroya 5 mara 2 ni 10. Meli za askari 8. Jumla ni 42, nawe una pointi 20, kwa hiyo umezidisha pointi 22. Gemu inatoza fedha 10 kwa kila pointi iliyozidi, kila zamu. Hizo ni 220 kwa zamu, na zamu kumi zikipita umetoa 2,200. Hakuna himaya changa inayoweza kubeba mzigo huo. Klackon hawakukushinda. Kikosi chako mwenyewe ndicho kilichokuwa kinakufilisi, hata zile zamu ambazo kimetia nanga tu hakipigani na mtu.

Ndiyo maana nakuambia usiongeze meli. Ongeza kwanza kinachozibeba. Kituo cha anga, ile Star Base unayoijenga kwenye koloni, kinatoa pointi 1. Ukikipandisha kuwa Battlestation kinatoa 2, na Star Fortress inatoa 3. Halafu kuna teknolojia ambayo wachezaji wengi wanaipita kwa sababu haina mlio wala moto: Tachyon Communications. Ukiipata, kila kituo ulicho nacho kinaongezewa pointi 1. Mwenye makoloni 8 yenye Star Base anatoka pointi 8 za vituo mpaka 16 bila kujenga ukuta hata mmoja. Mpenda vita anayetafiti leza mpya kabla ya mawasiliano ananunua mishale huku hana upinde.

Kwa pointi zako 20 mimi ningekwenda na manowari kubwa 4, ambazo ni 16, na meli za askari 4. Jumla 20, na huna senti unayotozwa. Nakuona unashtuka kwamba ni wachache. Lakini meli ya askari ni ya safari moja tu, maana ikishusha watu wake kwenye sayari imekwisha kazi. Huna haja ya kuzijenga 8 mapema zikae bandarini zikila pointi. Zijenge mwisho, manowari zako zikishafika na kuinyamazisha sayari. Kila moja inabeba vikosi 4, na kwa nguvu ya Bulrathi nchi kavu, vikosi 16 vinatosha kwa makoloni mengi ya kawaida. Ukihitaji zaidi, zidisha pointi kwa zamu 2 au 3 tu, za shambulio lenyewe, huku ukijua unalipa nini.

Sasa zile leza. Hapa wengi hudhani bahati mbaya au gemu ina hitilafu, kumbe ni hesabu ya kutoa. Katika gemu hii ngao haipunguzi jumla ya mapigo. Inapunguza kila pigo, moja moja. Leza ya kawaida inapiga kati ya 1 na 4. Sayari yenye Planetary Radiation Shield inakata 5 kwa kila pigo. Nne toa tano hakuna kitu, na ukipiga mara mia ni hakuna kitu mara mia. Ndiyo sababu ulikaa pale zamu baada ya zamu Sakkra wakikutazama. Leza nzito ikibahatika hupiga 6, basi inapitisha 1. Lakini kombora la Merculite linapiga 14, likikatwa 5 linabaki 9. Hata lile la nyuklia la mwanzo kabisa linapiga 8 na kupitisha 3. Tena makombora hayategemei kompyuta ya kulenga kama miale inavyotegemea, nayo ni faida kubwa kwa himaya ambayo haijasonga mbele katika utafiti.

Makombora nayo yana udhaifu wake. Yanakwisha, yanachukua muda kufika, na adui mwenye silaha ndogo za kuyatungua au vifaa vya kuyapoteza njia anaweza kukuvuruga. Kwa hiyo nayaona kuwa silaha ya vita vya mwanzo, vya kuvunja vituo na sayari za jirani wa kwanza na wa pili. Baadaye, ukipata miale yenye kishindo kama Neutron Blaster inayopiga mpaka 12, ndipo uhamie huko. Na kumbuka kwamba silaha ya zamani hupungua ukubwa na bei kadiri unavyoendelea na utafiti wa fani yake, kwa hiyo Merculite za leo zinaweza kuingia maradufu melini baada ya hatua chache za kemia. Kabla hujaondoka nyumbani, bofya sayari unayoiendea, tazama ina ngao gani, kisha chukua pigo la silaha yako na utoe. Ikibaki sifuri, usiende.

Suala la watu walioasi linahitaji utulivu, maana hapo ndipo ushindi wa kivita unapopatikana au kupotea. Sayari uliyoiteka haijawa yako siku bendera inapopanda. Wakazi wake wanakuwa hawajaingizwa katika himaya: wanafanya kazi shingo upande, na wanaweza kuasi. Bulrathi wanatawaliwa kwa udikteta, na chini ya udikteta inachukua zamu 8 kumwingiza kizio kimoja cha watu. Koloni la Klackon lenye vizio 10 linadai zamu 80 kabla halijatulia lote. Wewe uliteka manne kwa mpigo, ukayaacha bila ulinzi, ukakimbilia Sakkra. Haishangazi walikuasi.

Kitu cha kwanza kujenga kwenye sayari uliyoiteka ni kambi ya askari, Marine Barracks, wala si kiwanda. Chini ya udikteta, koloni lisilo na kambi hushuka morali, na kambi hiyo hiyo ndiyo inayoendelea kukuzalishia askari wa kukabili waasi. Utafiti ukiruhusu, jenga Alien Management Center: inaharakisha kuwaingiza watu na kuondoa ile chuki ya mataifa mawili kukaa sayari moja. Kisha chakula. Waliotekwa wanakula, na chakula kinasafirishwa kwa meli za mizigo, ambazo lazima uwe nazo za akiba. Adui akileta hata meli chache kuzingira sayari hiyo, chakula hakiingii na watu wanakufa njaa mikononi mwako. Nimeona wachezaji hodari wa mapigano wakipoteza sayari nzuri namna hii, bila risasi kulia.

Na hapa nakuonyesha jambo ambalo lingebadilisha gemu yako nzima. Ulianza na jirani asiyefaa kuwa wa kwanza. Sakkra wanatawaliwa kikabaila, na watu wanaotekwa kutoka dola ya kikabaila wanaingizwa papo hapo. Hakuna zamu 8, hakuna kungoja. Leo umewateka, leo ni raia. Tena Sakkra wanazaliana haraka kuliko wote na wanaishi mpaka chini ya ardhi, hivyo sayari zao hujaa watu. Kizingiti chao ni kwamba wakiwa wanajitetea chini ya ardhi yao wanapigana vizuri, lakini wewe ni Bulrathi, umeumbwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kama jirani zako ni Klackon na Sakkra, weka amani na Klackon, nenda kwa Sakkra na makombora, na baada ya koloni la pili tu utakuwa na watu wa kulima, kuchimba na kujenga upande wako. Ukija kumgeukia Klackon utakuwa na himaya mbili katika moja.

Isipokuwa kama kuna Psilon karibu. Hao wanavumbua kila teknolojia bila kulazimika kuchagua, na kila zamu unayowaachia wanakuacha nyuma. Wao huwa nawatanguliza kuliko mwingine yeyote, hata kama hawana faida ya ukabaila.

Ulisema kikosi kilikwama na mataifa mengine yakakugeukia. Haya mawili nayajibu pamoja, na wewe ni mtu wa Lamu, kwa hiyo sitakwenda mbali kutafuta mfano. Unajua habari za vita vya Shela, karibu na mwaka 1812. Wamazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate walishuka ufukweni Shela wakiwa na nguvu kubwa, wakarudishwa nyuma, na walipokimbilia vyombo vyao maji yalikuwa yamekupwa. Majahazi yamekaa mchangani, na mauaji yakawa pale pale. Kisha Lamu, pamoja na kuwa ilishinda, ilijua Mombasa itarudi, basi ikamwita Sayyid Said bin Sultan wa Oman awe mlinzi wake. Mvamizi alipoteza jeshi, na juu ya hilo akajipatia adui mkubwa kuliko yule aliyemwendea.

Katika gemu, maji yanayokupwa ni mafuta. Meli zinafika umbali fulani tu kutoka koloni au kituo chako kilicho karibu: kwa tangi za kawaida ni paseki 4 (paseki ni kipimo cha umbali kati ya nyota), ukipata mafuta ya Deuterium ni 6. Ukipoteza koloni la nyuma, lile lililokuwa likikufikisha mbele, njia yako inakatika. Tena meli ikishaingia safarini huwezi kuigeuza mpaka uwe na mawasiliano ya juu kabisa, kwa hiyo kikosi kilichoondoka zamu moja mapema kinaweza kwenda kupiga patupu huku nyumbani kunachomwa. Tiba yake ni rahisi na ya bei nafuu: vituo vidogo, Outpost. Vinakaa popote, hata kwenye sayari ya gesi au ukanda wa miamba, havihitaji chakula, na kila kimoja kinasogeza mpaka wa safari zako. Weka kimoja au viwili njiani kabla ya vita, na uhakikishe kwamba njia yako ya kurudi haitegemei koloni moja tu lililo dhaifu.

Kuhusu wale waliokugeukia, usipigane na mtu mpya kabla hujamaliza wa kwanza, na kabla ya risasi ya kwanza funga mikataba na wengine wote wanaokubali. Mkataba wa biashara unakuingizia fedha, na mkataba wa kutoshambuliana unakununulia zamu. Usiuvunje ovyo, kwa sababu mataifa mengine yanaona. Anayepigwa hutafuta marafiki, na ukimwacha nusu hai kama ulivyowaacha Klackon, unampa muda wa kuwapata. Mmalize, au usimguse.

Hukuuliza, lakini nitakuwa si mkweli kwako nikikunyamazia suala la kura. Baraza linahesabu kura kwa wingi wa watu, na mshindi anahitaji theluthi mbili. Kila sayari ya Sakkra unayoiteka ni kura zako. Mpenda vita anayecheza vizuri mara nyingi hujikuta anachaguliwa kabla hajamfikia adui wa mwisho, naye amefika pale kwa jeshi lake. Ukitaka kweli kuwafuta wote, kataa njia hiyo, ni haki yako, ila chagua galaksi ndogo na wapinzani 3 au 4. Galaksi kubwa yenye wachezaji 8 inageuka kazi ya uchukuzi wa askari usiku kucha, na utamu wa vita hupotea katikati. Kama uasi unakuchosha kabisa, jaribu pia Elerian. Wao wana uwezo wa kutawala akili, na meli yao ya ukubwa wa kruza au zaidi inaweza kuigeuza sayari iliyovunjwa ulinzi bila kushusha askari hata mmoja. Mimi bado naona Bulrathi wanafundisha zaidi. Tena askari wao wakiingia meli ya adui na kuiteka, usiwe na haraka ya kupigana nayo: ipeleke kwenye koloni lako uivunje, unaweza kupata teknolojia iliyokuwamo.

Faili uliyo nayo sasa, ile ya manowari 6, bado inaokoka. Vunja destroya zote 5 leo. Kwa hesabu yetu zinakurudishia pointi 10, yaani fedha 100 kwa zamu. Meli za askari 8 zitumie mara moja kwenye sayari ya Klackon iliyo karibu zaidi na iliyokwisha kunyamazishwa, au zivunje nazo. Manowari 6 zibaki, lakini zirudishe zikae juu ya sayari ulizoteka, ili zizuie uzingiraji chakula kiingie. Jenga kambi za askari kwenye zote 4. Omba amani, hata kwa kutoa kitu. Kisha tafiti mawasiliano na Merculite, na usimguse Sakkra mpaka hesabu ya pigo ikupe namba iliyo juu ya sifuri.

Kuna mambo siwezi kukutatulia kwa maandishi. Kuunda meli ni mojawapo: nafasi ya kila silaha, nini cha kutoa ili ngao iingie, wakati gani wa kurudi nyuma katikati ya pambano. Hayo mtu anayajua kwa kukaa na mchezaji mwingine bega kwa bega. Kama pale mtaani yuko anayeicheza, mwombe mkae pamoja jioni moja, yeye ashike pambano wewe uangalie, kisha mbadilishane. Na ukiona unacheza mpaka alfajiri na kazini unasinzia, hapo tena si suala la mbinu. Mwambie mtu wa nyumbani unayemheshimu akusaidie kupanga saa.

Ama laptopu, gemu hii ni nyepesi, ni ya mashine za zamani sana. Programu ya kuiga kompyuta za zamani inayotumika kuiendesha inaweza kukifanyisha kichakataji kazi zaidi ya inavyostahili, kwa hiyo punguza kasi yake kwenye mipangilio. Lakini laptopu inayozimika yenyewe kwa joto ina tatizo la feni au njia za hewa, na kwetu pwani vumbi na chumvi hushirikiana kuziziba na kuzila. Usiifungue mwenyewe kama hujawahi. Mpelekee fundi aisafishe ndani na kubadilisha ile dawa ya kupitisha joto juu ya kichakataji, na kabla hujampa, nakili faili zako za gemu kwenye flashi. Mpaka hapo usiichezee kitandani juu ya godoro. Iweke juu ya meza, tundu za chini zikiwa wazi.